Daktari, muuguzi, mwanasaikolojia au ustawi wa jamii: kabla hujajaza fomu ya chuo

Matokeo ya kidato cha nne na cha sita yakitoka, vijana na wazazi wao hutufuata maafisa ustawi wa jamii na swali: "Anataka kusomea mambo ya afya ya akili, aende chuo gani?" Ni swali zuri, na nafurahi kila ninapolisikia. Ila ndani yake mna maswali matano au sita. Kazi ya afya ya akili na ustawi wa jamii imegawanyika katika kada nyingi. Kila kada ina masomo yake ya kuingilia, vyuo vyake na wanaoisajili, na kila moja humpokea mgonjwa mahali pake. Kijana akichagua kwa kuvutiwa na jina la kozi, anaweza kusoma miaka mitatu kisha akagundua kwamba kazi aliyoiota inafanywa na mtu mwingine.

Namna nzuri ya kuzitofautisha ni kumfuata mgonjwa mmoja tangu alipougua hadi aliporudi kwao. Tumchukue kijana wa miaka ishirini na kidogo, wa kijiji kimoja cha Kondoa. Si mtu ninayemfahamu, nimemuunda kutokana na hali zinazojirudia katika kazi yetu. Alikuwa akiendesha bodaboda Dar es Salaam. Amerudishwa nyumbani halali usiku, anasikia sauti za watu wasiokuwepo, anaamini majirani wamepanga kumuua. Familia imekwenda kwa mganga, kisha kwenye maombi, na miezi imepita. Siku moja amempiga mama yake, ndipo wakamfikisha hospitali ya wilaya.

Mtu wa kwanza kumwona pale huenda akawa tabibu, yule aliyesoma stashahada ya utabibu kwa miaka mitatu. Kazi yake ya kwanza si kutamka kwamba huyu ana ugonjwa wa akili. Ni kuhakikisha kwamba si kitu kingine. Malaria kali huweza kumchanganya mtu, maambukizi kwenye ubongo pia, sukari ikishuka pia, bangi na pombe pia, na baada ya degedege la kifafa mtu huweza kupotewa na fahamu zake kwa muda. Kifafa chenyewe, ingawa ni ugonjwa wa ubongo, katika nchi zetu hutibiwa zaidi kwenye kliniki za afya ya akili. Kwa hiyo anayedhani atasomea afya ya akili ili aikwepe baiolojia na aache mambo ya damu na vipimo, ajue kwamba kwa upande wa hospitali mlango huo haupo.

Kutoka wilayani kijana wetu anapewa rufaa kwenda Mirembe, Dodoma, hospitali iliyoanza mwaka 1927 na ambayo sasa ndiyo hospitali ya taifa ya afya ya akili. Hapo atakutana na daktari bingwa wa magonjwa ya akili. Njia ya kumfikia huyu ni ndefu kuliko zote: shahada ya udaktari miaka mitano, mwaka mmoja wa mafunzo ya kazi chini ya uangalizi, kisha shahada ya uzamili ya ubingwa, ambayo hapa kwetu hutolewa na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Kenya njia inafanana na hiyo, kupitia vyuo kama Chuo Kikuu cha Nairobi, na wanafunzi wengi hupitia Mathari, hospitali iliyoanza mwaka 1910. Mabingwa hawa ni wachache mno kwa idadi ya watu wetu. Uchache huo ndio unaozifanya kada nyingine zibebe mzigo mkubwa kuliko zinavyobeba kwingine, na kijana anayechagua leo anapaswa kuufahamu.

Muuguzi wa afya ya akili ndiye anayekaa na mgonjwa. Daktari atapita asubuhi, muuguzi atakuwepo saa nane za usiku. Nitatoa mfano mmoja ambao kila aliyefanya kazi wodi ya akili anaujua. Mgonjwa ameanzishiwa haloperidoli, dawa ya ugonjwa wa akili, na siku ya pili shingo inakaza na kupinda, ulimi mzito, macho yanapanda juu. Ndugu wanalia kwamba pepo amekasirika, au kwamba hospitali imemmaliza mtoto wao. Muuguzi aliyesoma anatambua mara moja kwamba hayo ni madhara ya dawa, kwamba yapo kwenye vitabu, na kwamba ipo dawa ya kuyaondoa kwa muda mfupi. Asipokuwepo mtu wa kutambua na kueleza kwa upole, familia itamchukua mgonjwa usiku huo huo na haitarudi. Ujuzi wa namna hiyo hausomwi kwenye mabango ya kuelimisha jamii.

Kuingia uuguzi ngazi ya stashahada kunataka angalau ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini kidato cha nne, yakiwemo Baiolojia, Kemia na Fizikia. Baadaye unaweza kujiendeleza katika afya ya akili, na Mirembe pana shule yake ya uuguzi. Kenya, chuo cha mafunzo ya tiba cha KMTC hufundisha uuguzi wa magonjwa ya akili, na hospitali ya Mathari ni sehemu ya mafunzo hayo. Hapa kwetu ukihitimu husajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, na leseni hiyo ndiyo inayokutambulisha kokote uendako nchini.

Mwanasaikolojia ndiye anayeeleweka vibaya kuliko wote. Vijana wengi wanapomfikiria mtu wa afya ya akili, wanamwona yeye: chumba kimya, viti viwili, mazungumzo. Kazi hiyo ipo, lakini shahada ya kwanza ya saikolojia haikupi ruhusa ya kutibu. Inakupa msingi. Wahitimu wake wengi huenda kwenye utumishi, kwenye utafiti, mashuleni, kwenye mashirika. Kumtibu mtu mwenye sonona kali au aliyepitia ukatili kunahitaji uzamili wa saikolojia tiba, kama ule wa Muhimbili, pamoja na saa nyingi za kuona wagonjwa ukiwa na msimamizi. Kenya wameliwekea jambo hili sheria mahsusi, ile ya washauri na wanasaikolojia ya mwaka 2014, iliyounda bodi ya kuwasajili. Kwa kijana wetu wa Kondoa, mwanasaikolojia atakuwa na manufaa zaidi sauti zikishatulia, anapoanza kuuliza: nini kilinipata, kitarudi, nani ataniamini tena?

Kuna pia mtaalamu wa tiba kazi, ambaye watu wengi hawajawahi kumsikia. Huyu humrudishia mgonjwa uwezo wa kufanya shughuli: kuoga kwa mpangilio, kupika, kushika jembe, kuhesabu chenji. Shule yake ipo kwenye hospitali ya KCMC, Moshi. Wazo lenyewe si geni kwetu. Enzi za Ujamaa vilianzishwa vijiji ambako wagonjwa waliopata nafuu walilima na kuishi huku wakiangaliwa na wauguzi, kama Hombolo kule Dodoma na Vikuruti Dar es Salaam. Yaliyobaki ya vijiji vile ni kidogo, lakini waliovibuni walifahamu kwamba mtu akikosa kazi na nafasi kwa wenzake, dawa peke yake haimsimamishi.

Sasa kijana ameruhusiwa. Anapanda basi la Kondoa na mfuko wa vidonge vya mwezi mmoja. Na hapa ndipo inapoanza kazi ambayo naomba uniruhusu niieleze kwa kirefu, kwa sababu ndiyo isiyoonekana.

Afisa ustawi wa jamii alishamgusa kijana huyu hata kabla hajatoka. Hospitalini ndiye aliyeichunguza hali ya familia na kupendekeza msamaha wa matibabu kwa sababu hawakuwa na uwezo wa kulipa. Ndiye aliyewatafuta ndugu pale walipoacha kupokea simu. Akirudi nyumbani, mwenzake wa halmashauri anapaswa kumfuatilia. Hebu fikiria afisa huyo ni binti wa miaka 25, na anayemkabili ni mzee wa miaka sitini na zaidi, amekaa kwenye kigoda chini ya mwembe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Karibu mwanangu. Umekuja kumchukua tena?"

"Hapana baba. Nimekuja kuwasalimu na kujua mnaendeleaje na mgonjwa."

"Tunaendelea hivyo hivyo. Dawa zimekwisha wiki ya pili sasa."

Mwenye haraka angesema familia imezembea. Binti aliyefundishwa anakaa, anapokea maji, anauliza habari za mvua na za mifugo, kisha polepole anafika kwenye dawa. Anagundua kwamba nauli ya kwenda na kurudi Dodoma ni pesa ya chakula cha siku kadhaa. Anagundua kwamba shamba la kijana limegawanywa na kaka zake alipokuwa mgonjwa, kwa hiyo hana cha kufanya kutwa nzima. Anagundua kwamba mama, aliyepigwa ile siku, bado analala na mlango umefungwa kwa ndani, na hakuna aliyewahi kumuuliza yeye anajisikiaje. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoonekana kwenye faili la hospitali, na kila kimoja kinaweza kumrudisha kijana wodini.

Baada ya hapo ndipo utendaji unapoanza. Atampigia muuguzi wa kituo cha afya cha kata kuuliza kama dawa ile, au sindano ya kila mwezi, inaweza kupatikana jirani. Ataulizia serikali ya kijiji kama kaya hii imo kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini. Atawakalisha kaka na baba juu ya shamba, bila kumdhalilisha mtu mbele ya wadogo zake. Atazungumza na mama peke yake. Kisha ataandika yote kwenye faili, kwa sababu mwezi ujao anaweza kuhamishwa, na atakayempokea kazi asianze upya.

Kazi hii inasomewa. Taasisi ya Ustawi wa Jamii, pale Kijitonyama, iliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1973, na inafundisha kuanzia cheti hadi juu. Ngazi ya cheti hudai ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, bila sharti la sayansi, na wengi waliosoma masomo ya sanaa wameingilia hapo. Usije kudhani ni njia ya waliokosa. Utasoma makuzi ya mtoto, sheria, saikolojia, namna ya kuhoji, namna ya kuandika taarifa ya kijamii ambayo hakimu ataitegemea kuamua mtoto akae na nani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imemkabidhi afisa ustawi majukumu mazito: malezi, matunzo, kuasili, watoto waliokinzana na sheria. Ndoa zikigombana hadi kufikia baraza la usuluhishi, mara nyingi yumo. Neno lako moja kwenye karatasi linaweza kumhamisha mtoto nyumba.

Wengi huichanganya kada hii na ya maendeleo ya jamii. Zote mbili ziko halmashauri, na maafisa wake hukaa kwenye ofisi za jirani. Afisa maendeleo ya jamii hushughulika zaidi na vikundi na uchumi: kuhamasisha, kuandaa miradi, kusimamia mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, ambamo asilimia nne ni za wanawake, nne za vijana na mbili za watu wenye ulemavu. Chuo kinachofahamika zaidi kwa fani hiyo ni Tengeru, Arusha. Afisa ustawi hushughulika na mtu na familia iliyokwama. Kijana wetu akipata nafuu na akataka kuingia kwenye kikundi cha vijana cha kufuga kuku, atapelekwa kwa maendeleo ya jamii, na aliyemfikisha pale atakuwa wa ustawi. Ukipenda kusimama mbele ya mkutano wa watu mia, pengine yako ni ya kwanza. Ukiwa na subira ya kurudi nyumba ile ile mara sita, yako ni ya pili.

Niongelee na kozi fupi, maana hapo ndipo vijana wengi wanapoliwa fedha zao. Tangu miaka ya janga la UKIMWI, tulipofungua vituo vya ushauri nasaha na upimaji kama vile vya Angaza, tulizoea wazo kwamba mshauri anaweza kuandaliwa kwa wiki chache. Kwa kazi ile, yenye mipaka na mwongozo, iliwezekana na iliokoa maisha. Leo yapo matangazo ya mafunzo ya wiki mbili yanayokuahidi cheo cha mtaalamu wa saikolojia. Wiki mbili hazitoi cheo hicho.

Lakini pia si kweli kwamba mtu asiye na shahada hawezi kumsaidia mwenye sonona. Zimbabwe wamelithibitisha. Mwaka 2006, daktari bingwa Dixon Chibanda alianza na bibi 14 wa Mbare, Harare, waliokuwa wahudumu wa afya wa kujitolea. Waliketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, wakawasikiliza na kuwasaidia kuchagua tatizo moja la kulitatua kwanza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wenye washiriki 573 kwenye zahanati 24, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliopata huduma hiyo walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umeigwa kwingine, Zanzibar ikiwemo.

Ukiutazama vizuri utaona bibi wale hawakuachwa peke yao. Walikuwa na fomu ya maswali ya kuwachuja wagonjwa, idadi ya vikao iliyopangwa, msimamizi wa kumwendea, na njia ya rufaa kwa anayetaka kujiua au anayesikia sauti. Siri ya mafunzo mafupi iko hapo. Kozi ya wiki mbili inafaa ikiwa nyuma yake kuna mtu aliyebobea anayeangalia kazi yako kila wiki. Ikiwa kuna cheti na mahafali tu, utakuja kumdhuru mtu bila kukusudia. Hapa Tanzania pia tumewahi kufundisha wasaidizi wa ustawi wa jamii ngazi ya kijiji kwa mtindo huo, kwa ajili ya watoto yatima na walio hatarini, na pale waliposimamiwa vizuri walifanya kazi ambayo afisa mmoja wa wilaya asingeimaliza.

Ndiyo maana napenda kuuliza kuhusu fildi kuliko ada. Mwanafunzi wa ustawi au wa uuguzi anakomaa kwenye mafunzo kwa vitendo. Ni hapo atakapokutana kwa mara ya kwanza na mama anayemwomba namba ya simu na hela ya unga, na itambidi ajue la kufanya. Ni hapo atakapojifunza usiri katika kijiji ambacho shangazi wa mgonjwa ni jirani wa mama yake. Ni hapo atakaporudi chumbani jioni asiweze kula. Msimamizi mzuri humkalisha na kumuuliza: ulifanya nini, kwa nini, na wewe mwenyewe unajisikiaje? Nimeona wanafunzi wenye alama za juu darasani wakisaidiwa na maswali hayo wakawa wataalamu wa kutegemewa, na wengine wa aina ile ile wakitumwa kunakili faili kwa wiki nane na kurudi chuoni bila kuzungumza na mteja hata mmoja.

Sheria nayo usiikimbie. Tanzania tuna Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, inayoeleza jinsi mtu anavyoweza kulazwa asipokubali, na haki zake akiwa ndani. Kujaribu kujiua bado ni kosa katika Kanuni ya Adhabu yetu, ilhali Kenya, Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu kama hicho kinapingana na katiba. Utakapompokea mtu aliyenusurika, utakuwa na mgonjwa, familia yenye aibu, na pengine polisi mlangoni, wote kwa pamoja. Mimi naamini wazi kwamba mtu huyo mahali pake ni hospitali. Hata hivyo, ili umsaidie ndani ya sheria iliyopo ni lazima uijue.

Kuhusu ajira nitasema kwa kifupi. Mwajiri mkubwa wa maafisa ustawi na wauguzi ni serikali, na nafasi hutangazwa kwa awamu, kwa hiyo wengi husubiri, wakijitolea au wakifanya kazi kwenye mashirika. Waraibu wa heroini wanaotibiwa kwa methadoni, dawa inayowasaidia kuachana nayo, huduma iliyoanza Muhimbili mwaka 2011, wamefungua uwanja mwingine wa kazi ambao vijana hawaufikirii. Kwa upande wa ada, Bodi ya Mikopo ilianza mwaka wa masomo 2023/24 kuwakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani chache za kipaumbele, zikiwemo za afya, kwa hiyo soma mwongozo wa mwaka husika kabla ya kukata tamaa.

Na wale wanaoshawishiwa kusoma kozi ya kulea wazee ili waende Ulaya: hiyo ni kazi ya heshima, lakini haikufanyi muuguzi wala afisa ustawi. Uingereza ilifunga Julai 2025 njia ya kuajiri walezi wapya kutoka nje, na waliolipia kozi kwa ahadi ya viza wamebaki na cheti. Muuguzi aliyesajiliwa kwao ana njia tofauti, yenye mitihani yake.

Ukienda chuoni kuulizia, usiishie dirisha la malipo. Uliza kama kozi imesajiliwa na NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya cheti na stashahada, au TCU, tume ya vyuo vikuu, ikiwa ni shahada, kisha uhakikishe mwenyewe kwenye orodha zao. Uliza ni baraza gani litakusajili ukimaliza. Omba kuzungumza na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, na umuulize alipelekwa fildi wapi, kwa wiki ngapi, na nani alikuwa akisaini taarifa zake.